Waraka kwa wanakikoba wa Chamazi: mtaji wa mkorogo



Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja aliomba mkopo aongeze mzigo kwenye meza yake ya vipodozi pale Rangi Tatu. Nikamwomba nione anachouza. Akatoa kikopo cheupe cha mkorogo wa kujichubua, kisicho na lebo wala tarehe, kifuniko kimezungushiwa selotepu. "Hiki ndicho kinachotoka, katibu." Sikusaini.

Weusi wetu ni mwavuli tuliozaliwa nao. Zebaki na haidrokwinoni za mkorogo zinauzuia mwili kutengeneza rangi hiyo, kisha mtu anashinda juani sokoni na ngozi iliyovuliwa kinga. Madoa yakimtoka mashavuni, anaongeza dozi! Zebaki nayo haiishii usoni. Inapenya mpaka kwenye figo, mjamzito anampitishia mtoto tumboni, na taulo la kuchangia linawapelekea hata wasiopaka. Zile krimu zilizoandikwa clobetasol ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Ukizifanya za kila siku, ngozi inakuwa kama ganda la kitunguu. Na baada ya gharama zote hizo vifundo vya vidole vinabaki vyeusi vilevile, mtaa mzima unaviona.

Kuna pia suala la hela. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku nchini, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mzigo ukikamatwa unateketezwa, na humo zimo hisa za mama lishe na za muuza mkaa.

Wakati huohuo tunaye mwenzetu ambaye mwanawe ana ualbino. Mtoto huyo hakuukunja mwavuli, alizaliwa bila huo, na saratani ya ngozi huwawahi watu kama yeye wangali vijana. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa ajili yao. Hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili, hata kukiwa na mawingu. Napendekeza mfuko wa jamii umnunulie kofia ya ukingo mpana na mashati mawili ya mikono mirefu. Ni hela ndogo kuliko mtaji niliokataa kuusaini.

Kwa hiyo, mkopo wa vipodozi hautapita bila kuona lebo. Penye mercury au calomel (zote ni zebaki), au hydroquinone, fomu inarudi.

Jumamosi hii kila mmoja aje na vikopo vyake, hata vile vya uvunguni. Changu nitakitoa wa kwanza.

Katibu wenu