Kimetoka Kwenye Mtihani

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili, si mbali na mji wa Chuka. Nikawauliza ni nani miongoni mwao aliyesoma Kifo Kisimani. Kimya. Mwalimu wao akasimama kuwatetea: "Daktari, hicho kilishatoka kwenye mtihani."

Jibu hilo linanikera hadi leo. Mwandishi wa tamthilia hiyo, Kithaka wa Mberia, ni mwana wa Tharaka, nchi kavu inayoteremka kutoka Meru kuelekea mto Tana. Tasnifu yake ya uzamifu, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1993, ilichambua sauti na maumbo ya maneno ya Kitharaka. Mwaka 1997 alitoa Natala, kisa cha mwanamke anayekataa katakata kurithiwa na shemejiye. Kifo Kisimani ikafuata mwaka 2001, na Maua kwenye Jua la Asubuhi mwaka 2004.

Sisi wanaisimu (nisamehewe majivuno) hatuna budi kulisisitiza jambo hili, kwa kuwa wangalipo walimu wanaoamini kwamba Kimeru na Kiembu huwaharibia watoto Kiswahili. Mbona basi mtaalamu wa Kitharaka akatuandikia tamthilia tatu za Kiswahili, na mashairi juu yake?

Ilipokuwa ikitahiniwa, aghalabu Kifo Kisimani ilifundishwa kwa orodha: wahusika, sifa zao, maudhui. "Uongozi mbaya," mwanafunzi akaandika, akapata alama zake. Mtemi Bokono wa Butangi akafananishwa na madikteta wa mbali, na kisima kikasahauliwa. Lakini Mwelusi anauawa kisimani, tena na Gege, ndugu yake wa tumbo moja. Mtoto wa Tharaka au Mbeere aliyewahi kupanga foleni ya maji alfajiri hahitaji mwongozo wa kumweleza uzito wa mahali hapo. Anahitaji kuyasikia maneno yale yakitamkwa jukwaani.

Na majukwaa tunayo. Shule zetu hushindana kila mwaka katika tamasha za drama, na vyuo vikuu vya Chuka na Embu viko papa hapa. Mtihani ndio uliotupangia kusoma. Nani alitukataza kuigiza?

Nakala yangu niliwaachia wanafunzi wale. Jalada limechakaa na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai, ila yasomeka.