Mkazo si Pambo la Matamshi

Wapo walimu wenzetu hapa Bujumbura wanaoshikilia kwamba mkazo hauna haja ya kufundishwa, kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kauli hiyo tunaipinga, maana mkazo hauandikwi.

Tazama neno barabara. Mkazo ukiangukia silabi ya tatu, ni njia ipitayo magari. Ukiangukia ya pili, maana yake ni sawasawa. Herufi ni zile zile, neno si lile.

Hasara kubwa zaidi imo katika sarufi. Mtoto mwenye Kirundi kwao akisema "atala" badala ya "atakula", hukaripiwa, kisha hupewa orodha ya vitenzi vya ajabu aikariri. Nani amemweleza sababu? Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya wakati -na-, -li-, -ta- na -me- havikubali kuubeba. Kwa hiyo shina fupi -la hubaki na ku- yake ili mkazo upate pa kutua: atakula, amekula. Palipo na kiambishi kiwezacho kuubeba, ku- haina kazi: nikila, hali, ameila. Kwa kanuni hiyo moja, orodha nzima haina haja tena.

Wala mtoto huyo hakukosa kwa uzembe. Kwao husemwa "azorya", pasipo ku-, kwa sababu Kirundi hutenga maneno kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na kwa urefu wa irabu. Inda ya tumbo na inda ya chawa huandikwa sawa, lakini toni huzitofautisha. Sikio lipambanualo hayo tangu utotoni si sikio zito. A. E. Meeussen alizichambua toni hizo kwa makini katika sarufi yake ya Kirundi ya mwaka 1959. Itakuwaje sisi, tunaoishi na wasemaji wenyewe, tuziite kasoro?

Twasema basi: mwalimu asiyefundisha mkazo hana haki ya kumcheka mwanafunzi anayeukosa. Na atie alama ya mkazo ubaoni tangu somo la kwanza, akilinganisha Kiswahili na Kirundi mbele ya darasa bila haya. Lugha hizi ni ndugu. Anayezigombanisha ni mwalimu asiyezisikiliza.