Jumbe za Papo kwa Papo na Filamu ya Kisayansi Darasani: Mfano wa Garissa

1.0 Utangulizi

Katika baadhi ya vyuo vikuu vya ng'ambo, Australia ikiwemo, umezuka mtindo wa kuwataka wanafunzi waandike jumbe katika mtandao wa Twitter, ulioitwa X tangu Julai 2023, wakati uleule wanapotazama filamu za bunilizi ya kisayansi kama vile Metropolis (1927) na Blade Runner (1982). Watetezi wa mbinu hii hudai kwamba humwamsha mtazamaji aliyezoea kupokea tu, na kwamba humpa sauti mwanafunzi mwenye haya. Kwa upande wa Afrika, ni rahisi kuongeza dai la tatu: kwamba mbinu hii huirejesha hadhira ya fasihi simulizi katika ukumbi wa mihadhara.

Makala haya yanayapinga madai yote matatu. Hayadai kwamba hadhira inyamaze, kwani hadhira ya Afrika Mashariki haijapata kunyamaza. Yanachohoji ni wakati wa kusema, na ni nani anayesemwa naye. Filamu itakayotumiwa kama mfano ni Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, na mahali ni Garissa, mji wenye chuo kikuu kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2017.

2.0 Je, Hii Ni Hadhira ya Fasihi Simulizi?

Dai la tatu ndilo lenye mvuto zaidi kwa mhakiki wa fasihi, na ndilo dhaifu zaidi. Katika utendaji wa fasihi simulizi, hadhira humjibu fanani, naye fanani hubadili usimulizi wake kwa kadiri anavyojibiwa. Filamu haibadiliki. Anayeandika ujumbe kizani haijibu filamu, wala hasemi na jirani yake aliye kiti cha pili. Anasema na watu wasiokuwapo.

Mfano ulio karibu zaidi na fasihi simulizi upo tayari, nao umedharauliwa na idara zilezile zinazovutiwa na mitindo ya ng'ambo. Katika vibanda vya video vya Kenya, DJ Afro amejulikana kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Uganda ina wasimulizi wake kwa Kiganda. Msimulizi wa aina hiyo huwa ameitazama filamu kabla ya kuisimulia, na husema kwa lugha ya watu walioketi mbele yake. Wakicheka, anajua wamecheka kwa nini. Ni vigumu kueleza kwa nini kazi hii ionekane kelele ya vichochoroni, ilhali mwanafunzi anayebonyeza simu bila kuijua filamu anahesabiwa kuwa mshiriki wa mbinu ya kisasa.

Hali kadhalika, eneo la Kaskazini Mashariki limerithi utamaduni mpana wa Wasomali wa kujibizana kwa mashairi. Deelley, mnyororo ulioanzishwa na mshairi Gaarriye mwaka 1979, uliwavuta washairi wengi, kila mmoja akijibu kwa kuzingatia sauti ileile ya d, na mashairi yao yakasambaa kwa kanda za kaseti. Huko Lamu, miaka michache kabla ya hapo, malumbano ya kisiasa yaliyoitwa Kimondo yalikuwa yamesambaa vivyo hivyo. Mifano hii inaonyesha kwamba teknolojia si adui wa fasihi. Hata hivyo, kanda ya kaseti ilimpa mshairi nafasi ya kusikiliza, kurudia, kulala na kuamka na hoja ya mwenzake kabla ya kuijibu. Jibu lilikuwa na uzito kwa sababu lilitanguliwa na usikivu, na usikivu ndio mbinu hii mpya inaouondoa kwanza.

3.0 Pumzi Ikitazamwa Garissa

Pumzi ina urefu wa dakika 21. Mwanafunzi akiandika jumbe 10, na kila ujumbe ukamchukua nusu dakika, macho yake yatakuwa nje ya filamu kwa dakika 5, yaani karibu robo yake. Katika filamu yenye maneno mengi hasara hii huenda ikafidiwa na masikio. Pumzi haina fidia hiyo, kwa kuwa mazungumzo yake ni machache mno na maana yake imo katika picha: tone la jasho linalohifadhiwa, udongo uliofika ndani ya kifurushi, mbegu inayochipuka.

Kisa chenyewe kinahusu Asha, mtunzaji wa makumbusho katika jamii inayoishi chini ya ardhi baada ya vita vya maji. Akiota ndoto, mashine humwamuru ameze dawa ya kuizuia. Akiomba ruhusa ya kutoka nje ili akaipande mbegu yake, Baraza, linalozungumza naye kupitia skrini, linamnyima. Ni kejeli iliyo wazi kwamba filamu inayoonyesha jamii iliyokabidhi mawasiliano yake kwa skrini ndiyo itazamwe na watu walioinamia skrini.

Suala zito zaidi ni aina ya usomaji unaoweza kuzaliwa Garissa. Mtazamaji wa kwingineko anaweza kuuchukulia ukame wa Pumzi kama sitiari. Mtazamaji wa Garissa ameishi katika kaunti iliyokosa mvua kwa misimu 5 mfululizo kati ya 2020 na 2022, kisha ikafurikwa na Mto Tana mwishoni mwa 2023. Kwake yeye, swali si kama maji yatakwisha; ni nani huyapima na kuyagawa. Vivyo hivyo, ruhusa anayonyimwa Asha si jambo la kubuni tu katika eneo ambalo wazee wake wanaukumbuka uchujaji wa 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali walipotakiwa kuuthibitisha uraia wao na kupewa kadi maalumu. Nyuma ya kumbukumbu hiyo zipo nyingine, kama vile Garissa 1980 na Wagalla 1984.

Usomaji wa namna hii ndio ambao idara ya fasihi ingepaswa kuutamani, nao hauji papo kwa papo. Huja baada ya filamu, pengine baada ya mwanafunzi kuzungumza na nyanya yake. Hata ukija mapema, hauandikwi kwa urahisi hadharani. Mwanafunzi anayelazimishwa, kwa ajili ya alama, kutoa fikra zake kuhusu serikali, vitambulisho na mauaji mbele ya ulimwengu mzima atayapima maneno yake na kuchagua yasiyo na madhara. Ataandika kwamba picha zinavutia. Hapa ndipo dai la kumpa sauti mwenye haya linapoanguka: haya hutulizwa na faragha na kuaminiana, wala si kwa kuongezewa idadi ya wasikilizaji wasiojulikana.

Yapo pia mambo ya kawaida yasiyopaswa kupuuzwa. Bando hununuliwa, na si kila mwanafunzi anayeweza kulinunua kila wiki. Minara ya simu katika Garissa, Wajir na Mandera imeharibiwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Kwa mintarafu ya lugha, ujumbe unaokusudiwa kusomwa na ulimwengu huvutwa kuelekea Kiingereza, na hivyo Kisomali na Kiswahili, ambazo zingeweza kuitafsiri Pumzi upya, hubaki nje ya mlango.

4.0 Aprili 2015

Mpinzani anaweza kujibu kwamba Garissa ndiyo mahali pasipofaa kabisa kuidharau Twitter. Mnamo tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji waliwaua watu 148 katika chuo hicho, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku zilizofuata, Wakenya waliwataja marehemu katika mtandao huo, jina kwa jina na picha kwa picha, chini ya kauli kwamba 147, hesabu iliyotangazwa kwanza, si nambari tu.

Jibu hilo ni la haki na halistahili kukwepwa. Jumbe zile zilifanya kazi ya maombolezo, ambayo ni kazi kongwe ya fasihi. Lakini zilifaulu kwa sababu zilitafuta. Kila jina lilipaswa kuulizwa, kuhakikishwa na kuambatanishwa na uso. Zaidi ya hayo, hakuna aliyezidai kwa ajili ya alama. Anayezitumia kuhalalisha zoezi la darasani anaazima heshima ya jambo moja ili kulipamba lingine.

5.0 Hitimisho

Mapendekezo ya makala haya ni ya gharama ndogo. Katika mhadhara wa dakika 60, Pumzi inaweza kuonyeshwa mara mbili na kubakiza dakika 18. Mara ya kwanza, simu zizimwe na pasiwe na anayesema. Mara ya pili, mmoja wa wanafunzi, akiwa sasa anaijua filamu, aisimulie kwa sauti kwa Kiswahili au Kisomali, na wenzake wamkatize, wamsahihishe na wambishie. Dakika zilizobaki ziwe za mjadala. Mwenye haya aandike hoja yake katika kipande cha karatasi kisicho na jina. Insha iandikwe baada ya siku kadhaa, na anayetaka kuichapisha mtandaoni aichapishe kwa hiari yake.