Daftari la Wiki: Nyumba ya Magurudumu na Koki ya Halmashauri

Katika picha za matangazo, gari-nyumba huwa limesimama peke yake juu ya jabali, mlango wazi, bahari ya Mediterania mbele yake, wala hakuna mtu mwingine hadi macho yanapokomea. Anayeuziwa picha hiyo huambiwa kwamba amenunua uhuru: atalala atakapo, ataondoka atakapo, hana mwenye nyumba wala mapokezi ya hoteli. Daftari la wiki hii linabishana na picha hiyo. Kuzunguka pwani ya Hispania kwa gari-nyumba, kutoka mpaka wa Ufaransa hadi Tarifa, ni maisha yanayotegemea mali ya umma kuliko maisha ya mtu aliyepanga chumba. Ugomvi unaozuka kila majira ya baridi kati ya wasafiri hawa na miji ya pwani unatokana na pande zote mbili kukataa kulikiri hilo.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayopanga ratiba. Gari la kawaida la watu wawili hubeba lita 100 hivi za maji safi. Mhispania aliye nyumbani kwake hutumia takriban lita 130 kwa siku. Tenki zima, basi, halimtoshi mtu mmoja kwa siku moja ya kawaida, lakini wawili hao hulitumia siku tatu au nne: koki hufungwa wakati wa kujipaka sabuni, sahani hupanguswa kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na maji ya kusuuzia hayapotezwi ovyo. Kisha kuna tenki la maji machafu ya sinki na bafu, na kuna kaseti ya choo, sanduku la plastiki lisilofika lita 20, ambalo huchomolewa kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari na kuburutwa kwa vigurudumu vyake, kama begi la msafiri wa ndege, hadi kwenye shimo la kumwagia. Kaseti hiyo hujaa baada ya siku mbili tatu. Ikishajaa, hakuna jabali wala machweo yatakayombakiza mtu pale alipo. Ramani ya safari hufuata mashimo na koki, na sehemu kubwa ya mashimo na koki hizo imejengwa na halmashauri.

Maji yenyewe nayo yametoka mbali. Cabo de Gata, mkoani Almería, hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu kame kabisa za Ulaya. Ukanda wa Murcia na Alicante unategemea mfereji wa Tajo-Segura, ambao tangu 1979 huleta maji kutoka katikati ya nchi kwa karibu kilomita 300, na pia mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, kama ule mkubwa wa Torrevieja. Wakulima wa kusini-mashariki na watu wa bara wamegombania mfereji huo kwa miongo kadhaa. Catalonia ilipotangaza hali ya dharura ya ukame Februari 2024, bafu za ufukweni zilifungwa. Kwa hiyo anayejaza tenki bila malipo kwenye koki ya maegesho hajachota maji ya bure. Amechota maji yaliyolipiwa na mtu mwingine.

Mambo mengine ni hivyohivyo, ila hayahitaji maneno mengi. Mtungi wa gesi uliotoka Ujerumani au Uingereza haubadilishwi dukani Hispania. Valvu ni nyingine, na mwenyeji hutumia mtungi wa rangi ya chungwa wa kilo 12.5 ambao bei yake ya juu hupangwa na serikali. Barabara ya AP-7 ilikuwa ya kulipia kwa miongo mingi, na magari-nyumba yalikuwa yakijibana na malori kwenye barabara ya zamani ya N-340 kukwepa tozo. Tozo iliondolewa kati ya Tarragona na Alicante mwanzoni mwa 2020, na upande wa kaskazini hadi mpaka wa Ufaransa mwaka uliofuata. Matengenezo hayakuondolewa, yalihamia kwenye kodi. Na Waingereza, waliozoea kukaa pwani hii tangu Novemba hadi Machi, wamejua tangu 2021 kwamba hata urefu wa majira yao ya baridi ulikuwa jambo la mkataba: sasa, wasipokuwa na kibali cha ukaaji, ni siku 90 katika kila siku 180.

Sheria inasemaje? Fukwe ni za umma. Katiba ya 1978 inazitaja waziwazi kuwa mali ya dola, na Sheria ya Pwani ya 1988 ikaongeza ukanda wa ulinzi unaoingia bara, kwa kawaida mita 100. Sheria hiyohiyo inakataza kuegesha magari na kupiga kambi ufukweni, kwa hiyo picha ya matairi juu ya mchanga ni picha ya kosa. Nje ya ufukwe, mamlaka ya trafiki ya nchi, DGT, ilitoa mwongozo mwaka 2008, ukafuatiwa na mwingine 2023, unaotenganisha kuegesha na kupiga kambi. Gari-nyumba ni gari. Likiwa mahali panaporuhusiwa, likigusa ardhi kwa matairi tu bila kushusha miguu ya kulisawazisha, bila kukunjua kivuli wala kutoa viti, madirisha yakiwa hayajatokeza nje, na bila kumwaga chochote, lina haki ileile ya gari dogo lililo kando yake. Aliyemo ndani apike, ale, alale. Hayo hayamhusu askari wa barabarani. Lakini meza moja ya kukunja ikitolewa nje, na viti viwili na glasi mbili, mambo yamebadilika: hiyo ni kambi, na kambi iko chini ya kanuni za jimbo na za halmashauri, zenye faini zake. Uhuru uliouzwa kwa picha ya upeo wa macho unaishia kwenye ukingo wa bodi ya gari. Mimi naona mpaka huo ni wa busara kabisa, kwa sababu unapima kile anachowanyang'anya wengine: nafasi.

Halmashauri nyingi, hata hivyo, zimeona njia ya mkato. Hufunga boriti ya chuma kwenye lango la maegesho ya pwani, kimo cha mita mbili hivi, wakati gari-nyumba lina kimo cha karibu mita tatu. Boriti haijui nani amekunjua kivuli na nani hajakunjua. Inamzuia hata fundi bomba mwenye gari la vifaa paani. Tena haipunguzi idadi ya magari. Inayasukuma hadi ghuba inayofuata, ambako huenda hakuna koki wala shimo la kaseti, halafu mkazi wa huko analalamikia harufu. Mji uliofunga boriti bila kujenga shimo umehamishia uchafu wake kwa jirani.

Wasafiri wenyewe watanijibu kwamba hawamtegemei mtu: wana sola paani, wana betri, wanajimudu. Kwa umeme ni kweli. Jua la Almería linatosha kuendesha taa, pampu na friji hata Januari. Lakini sola haizalishi maji wala haimezi kaseti, na siku nne za kujimudu si kujimudu, ni kuahirisha. Jibu lao la pili lina nguvu zaidi. Wanatumia maji kidogo kuliko mtu yeyote mjini, na wanaleta fedha wakati hoteli nyingi zimefungwa. Mstaafu wa Kidachi au wa Kifaransa hununua machungwa kwenye gulio la wiki, mkate kila asubuhi, na saa nane mchana huketi mezani kwa mlo wa bei moja wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitindamlo. Matumizi yake kwa siku hayafikii ya mgeni wa hoteli, lakini yanamfikia mwoka mikate mwezi wa Januari. Nakubali hayo yote. Ila yanathibitisha kwamba wanastahili kukaribishwa. Hayathibitishi kwamba koki iwe ya bure, kwa kuwa fedha ya mkate haiingii katika mfuko unaolipia bomba.

Kuna wanaosema kwamba kuyaandama magari-nyumba ni kumwonea mdogo. Katika nchi iliyopokea wageni wa kimataifa karibu milioni 94 mwaka 2024, pwani haikuharibiwa na magari ya mita saba. Wana mfano mzuri: hoteli ya El Algarrobico, karibu na Carboneras, ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar, yenye vyumba zaidi ya 400. Mahakama ilisimamisha ujenzi wake mwaka 2006, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba ardhi ile haikuwa ya kujengwa. Jengo liliendelea kusimama kwa miaka mingi baada ya hukumu. Gari-nyumba lingekuwa limeondolewa jioni hiyohiyo. Hoja hii ni ya haki, na inaaibisha zaidi ya ofisi moja. Hata hivyo, inachodai ni sheria ikaze kwa mkubwa. Haiwezi kugeuzwa kuwa ruhusa ya kufungulia maji machafu kwenye kichaka cha hifadhi hiyohiyo.

Ninaowaona na hoja ngumu zaidi ni wenye kambi za kulipia. Wao hulipa kodi, huwekewa masharti ya zimamoto, usafi na ulinzi, huajiri watu, kisha halmashauri inafungua eneo la magari-nyumba mita mia kadhaa kutoka langoni kwao, kwa bei ya chini au bila bei. Hapo wana haki ya kulalamika juu ya bei, lakini si juu ya kuwapo kwa eneo lenyewe. Anayelala usiku mmoja akielekea Cádiz hahitaji bwawa la kuogelea wala uwanja wa watoto. Anahitaji lita 100 na shimo la kaseti. Baadhi ya miji imeshaweka mashine ya sarafu inayotoa maji kwa kipimo, na huduma hiyo ndiyo ningeanza nayo: bei ya maji iwe ileile anayolipa mkazi wa mtaa, kumwaga kaseti kubaki bure kwa sababu aliyetozwa atatafuta kichaka, na usiku wa tatu uwe na bei inayokaribia ya kambi. Boriti, kama bado inatakiwa, ifungwe baada ya shimo kuchimbwa.