Kabla Hujachukua Mkopo wa Tuktuk, Angalia Mlima Kwanza

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Sio Port wiki iliyopita akiwa na furaha tele. Chama chao kimekubali kumkopesha, na pikipiki yake imeshapata mteja. "Brathe, naachana na boda," akaniambia. "Boda ni ya kuvunjana miguu. Nachukua tuktuk. Magurudumu matatu hayaanguki."

Nilimwambia asitie sahihi popote mpaka tuongee. Tukaongea, hatukuelewana. Kwa hivyo namwandikia hapa, na nakuandikia wewe pia kama uko Funyula, Sio Port au popote penye mlima, na umeanza kupiga hesabu kama yake.

Niseme mapema: mimi si adui wa tuktuk. Naishi Busia mjini na napanda tuktuk mara nyingi kuliko boda. Mvua ikinyesha hulowi, na mama mwenye mtoto na kikapu anakaa vizuri. Ninachopinga ni hiyo sentensi ya "magurudumu matatu hayaanguki." Naijua vizuri kwa sababu niliwahi kuiamini, na kuna mtu aliumia.

Nilipoacha chuo niliendesha boda miezi minane. Siku moja jamaa aliyekuwa na tuktuk aliugua, akanipa funguo nimfanyie kazi. Nikabeba magunia mawili ya omena na mama mchuuzi mwenye mzigo. Tulikuwa tunateremka, njia ya udongo, kona ya kushoto. Niliiingia ile kona jinsi nilivyozoea kwa pikipiki. Tuktuk haikulala kama pikipiki. Ilisimama wima kidogo, gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi, kisha tukawa tumelala ubavu, omena imetapakaa barabarani na yule mama ameshika mkono wake. Mkono ulikuwa umevunjika. Mwendo wetu ulikuwa wa kawaida tu. Ningekuwa kwa pikipiki ningeipita kona hiyo nikipiga mluzi.

Nilichukua muda kuelewa kilichotokea. Wazo kwamba matatu ni salama kuliko mawili linatokana na kuitazama mashine ikiwa imesimama. Ikisimama, kweli, tuktuk haihitaji mguu wako na pikipiki inauhitaji. Lakini abiria hakulipi nauli ili usimame.

Hebu chora chini kwa kijiti. Tuktuk ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Yaunganishe, unapata pembetatu: nyuma pana, mbele imechongoka. Uzito wote, wako na wa abiria na wa mzigo, ukibaki ndani ya pembetatu hiyo uko sawa. Ukitoka nje, unapinduka. Sasa fikiria unateremka. Uzito unasogea mbele. Ukishika breki, unasogea mbele zaidi. Ukikata kona wakati huo huo, unasukumwa upande, na unasukumwa pale ambapo pembetatu ni nyembamba kabisa. Hapo ndipo mimi na yule mama tulipokuwa.

Ukipanda mlima ni kinyume. Abiria watatu wako nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, unageuza usukani na tuktuk inaendelea na safari yake. Injini nayo ni ya karibu cc 200, inavuta chombo cha kilo zaidi ya 300 kabla hata hujapakia mtu. Boxer yako ina cc 100 au 150, lakini uzito wake ni kama theluthi ya huo.

Halafu kuna njia zetu zenyewe. Ukiacha barabara kubwa ukaingia vijiji vya milima ya Samia, njia imeinama upande mmoja, na magari yameacha mifereji miwili yenye tuta katikati. Tuktuk inainama pamoja na ardhi. Gurudumu lake la mbele liko katikati kabisa, kwa hivyo linapanda tuta huku ya nyuma yakizama mferejini. Pikipiki inahitaji mstari mmoja tu, upana wa kiganja. Ardhi ikiinama, yenyewe inabaki wima kwa sababu wewe ndiye unayeisimamisha.

Na hilo ndilo ninalotaka mdogo wangu alielewe kuliko yote. Pikipiki inakuonya kila sekunde. Ikianza kuteleza unahisi kwenye kiuno kabla hujaona kwa macho, na mwili wako umeshaanza kurekebisha. Tuktuk haikuonyi. Inakaa imara, imara, imara, halafu imepinduka.

Usidhani ni ubishi wa kwetu tu. Kwenye milima yenye theluji Marekani kuna vijana wanaobishana jambo hili hili bila kujua tuktuk ni nini. Wana mashine ya theluji ya zamani, yenye vibao viwili vya kuteleza mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma. Wana pia pikipiki ya kawaida ambayo imeng'olewa magurudumu, mbele ikawekwa kibao kimoja na nyuma mkanda mwembamba. Kampuni ya Timbersled ya jimbo la Idaho ndiyo iliyozipa pikipiki hizo jina, mpaka Polaris, wakubwa wa mashine zile za vibao viwili, wakainunua mwaka 2015.

Mashine ya vibao viwili ina nguvu za farasi zaidi ya 150, na pikipiki ina kama 50 tu. Kupanda mlima ulio wazi wenye theluji nyingi, nguvu inashinda. Lakini kukata ubavuni mwa mlima, au kupenya katikati ya miti, chenye kibao kimoja kinapita kwa raha kwa sababu kinalala. Na hili ndilo lililonifungua macho: yule wa vibao viwili akifika ubavuni mwa mlima hawezi kukaa ametulia juu ya vyote viwili, maana mashine inavutwa kushuka. Inambidi asimame upande wa juu, aivute mpaka kibao kimoja kiinuke, asawazishe kwa mwili wake wote. Yaani ana viwili, lakini mlima unamlazimisha atumie kimoja.

Na watu wa Busia tungepaswa kuwa wa kwanza kujua haya. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, miaka ya sitini na sabini, vijana wa baiskeli wakiita abiria wa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine: boda, boda! Baadaye serikali ikaondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, na Blaki Mamba za wazee zikaanza kuegeshwa. Lakini mpaka huo huo una historia nyingine ambayo hatuisimulii sana. Watu wenye ulemavu wa miguu walikuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, na wengi wakajenga nyumba na kusomesha watoto kwa biashara hiyo. Pale matatu yalikuwa jibu sahihi: ardhi tambarare, mwendo mdogo, mzigo mkubwa, kusimama kila mara. Hakuna aliyekosea, kila mtu alichagua kulingana na ardhi yake.

Najua utaniuliza kuhusu ajali za pikipiki. Ni nyingi, na wengi wetu tuna rafiki tuliyemzika. Siwezi kukudanganya kwamba mawili ni salama kwa sababu tu ni mawili. Ukipakia watatu nyuma, gurudumu la mbele linaelea mlimani kama la tuktuk, na ule uwezo wa kulala kwenye kona unauua mwenyewe. Sheria inasema abiria mmoja. Tunaiona kama ni ya polisi kutafutia chai, lakini kwenye mteremko ina maana. Helmeti mbili, tairi yenye meno, breki ya nyuma inayoshika: bila hivyo, usinitumie kama shahidi wako.

Jambo lingine, na hili nalielekeza kwa wanaotoa leseni na shule za udereva. Leseni ya daraja la A3 ya NTSA inajumuisha bodaboda na tuktuk pamoja. Lakini kwa pikipiki yenye mwendo unasukuma kishikio cha kushoto ili uende kushoto, na kwa tuktuk unageuza usukani upande unaokwenda. Moja inalala, nyingine inakataa. Kijana akitoka kwa moja kwenda nyingine bila kufundishwa, mwili wake unamdanganya kwenye kona ya kwanza kali. Mafunzo ya siku mbili ya kuhama yangeokoa mikono ya kina mama wengi.

Sasa, mdogo wangu. Bei ya tuktuk moja mpya huzidi ya pikipiki mbili. Ukitaka kuhamia Busia mjini, kazi ya lami, soko na hospitali, chukua hiyo tuktuk na mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza. Lakini umesema unataka kubaki huko, kubeba watu na samaki kutoka ziwani hadi vijijini mlimani. Basi fanya jambo moja kabla ya kutia sahihi. Ngoja mvua inyeshe. Azima tuktuk, pakia magunia badala ya watu, uipeleke njia ile ile unayotaka kufanyia kazi, kupanda na kushuka, polepole. Ukifika chini, nipigie. Kama bado utasema magurudumu matatu hayaanguki, nitakuongezea elfu kumi za kwanza za mkopo wako. Na yule mteja wa pikipiki, mwambie asubiri mpaka siku hiyo.