Hukumu ya mgombea binafsi bado ni deni

Oktoba 24, 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua mjini Dodoma kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama chochote cha siasa. Aliyefungua kesi alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, na aliyeshtakiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika hukumu hiyohiyo jaji alifuta sharti la kuomba kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara.

Siku nane kabla ya hukumu kusomwa, Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba. Bunge liliupitisha Desemba 2 ukawa Sheria Namba 34 ya 1994, na kuanzia Januari 1995 ikawa wazi kwamba anayetaka kugombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Haikungojwa Mahakama ya Rufani iseme neno. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amestaafu, alilipinga jambo hilo hadharani. Aliuliza, kama haki moja ya raia inaweza kubadilishwa namna hiyo, ni kitu gani kitakachozuia nyingine zote zisifanywe vivyo hivyo?

Mimi si mwanasheria. Nalima kahawa na migomba kwenye miteremko ya Mlima Meru, na wenzangu wamenipa uenyekiti wa kamati ya mfereji. Kwa asiyejua mambo ya huku, mfereji ni uhai. Unachepushwa kutoka mtoni huko juu, unapita shamba kwa shamba, na kila kaya ina zamu yake. Kiangazi maji yanapopungua, kuna wanaopewa zamu ya saa nane za usiku, na mtu anaamka na tochi na jembe kwenda kufungulia maji yake. Ugomvi haukosi. Kamati husikiliza, hukagua mahali penyewe, kisha huamua. Aliyeshindwa anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, au kwa mtendaji wa kijiji, hata baraza la kata. Lakini akienda usiku kuhamisha banio ili maji yaendelee kuingia kwake, anatozwa faini na kunyimwa zamu, awe nani. Hilo la 1994 ndivyo ninavyoliona: mtu ameshindwa kesi, akahamisha banio.

Uongozi wa mfereji tunauchagua kwa kunyoosha mikono, na hakuna anayeulizwa kadi. Walioninyooshea mikono mimi ni pamoja na watu wa CCM, watu wa Chadema na wengine ambao hawajawahi kushika kadi yoyote maishani. Wanataka mtu anayejua mashamba yote, asiyependelea ukoo wake, na anayeamka usiku akiitwa. Ndiyo maana uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 ulipokaribia, majirani walikuja nyumbani.

“Mama Neema, tukuchukulie fomu ya uenyekiti wa kijiji?”

Nikawauliza, nitadhaminiwa na nani? Maana fomu ina sehemu ya chama, na bila chama hakuna jina. Siku chache baadaye akaja kiongozi wa chama kimoja, mtu mstaarabu kabisa, akaniambia nichukue kadi tu kwa ajili ya fomu, kisha nikishachaguliwa niiweke kabatini. Nilimkatalia kwa heshima. Kadi ya chama ina ahadi ndani yake. Kuipokea wakati siiamini ni kuanza uongozi kwa uongo mbele ya watu walewale wanaoniamini kwenye zamu za maji. Na kwa nini nilazimike? Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Halafu ibara nyingine za Katiba hiyohiyo zinanieleza kwamba bila kujiunga siwezi kuwa rais wala mbunge, na sheria za uchaguzi zinanifungia hata kijiji.

Mtikila alirudi mahakamani 2005, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa haki kwa mara ya pili, ikaitaka Serikali iandae utaratibu wa mgombea binafsi kabla ya uchaguzi uliofuata. Serikali ikakata rufaa. Juni 17, 2010, jopo likiwa limekamilika kwa majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge, si mahakama. Majaji hao hawakusema mgombea binafsi ni jambo baya. Waliwashauri Mwanasheria Mkuu na Bunge walitazame upya kwa kuzingatia mikataba ya kimataifa. Ushauri huo uliachwa hapohapo ulipoandikwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wetu wafundishwe shuleni. Machi 2010 Tanzania ilikuwa imeweka tamko la kuwaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapahapa Arusha, kwenye majengo ya TANAPA, Barabara ya Dodoma. Mwaka 2011 Mtikila akaenda huko. Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao wakafungua shauri lao juu ya jambo lilelile, na mashauri yakaunganishwa. Juni 14, 2013, mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika: haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, uhuru wa kujiunga na wengine, na usawa mbele ya sheria. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mahakama hiyo ianzishwe kusikiliza shauri hadi kiini chake na kuikuta nchi na hatia ya kuvunja haki. Uamuzi uligusa nafasi zote: urais, ubunge na serikali za mitaa. Mpaka kijijini kwetu.

Serikali ilijitetea kwamba kumfungia mgombea binafsi kunalinda umoja wa taifa na Muungano, na kunazuia ukabila. Siipuuzi hoja hiyo. Wazee wetu walijenga nchi ambayo Mmeru anaoa Mhaya bila kikao cha dharura, na anayetaka kuichezea amani hiyo atanikuta mlangoni. Lakini majaji walipima wakaona kwamba zuio lililowekwa ni kubwa kuliko hatari inayotajwa. Uhuru wa kujiunga, walisema, unabeba ndani yake uhuru wa kutojiunga. Nami naongeza ninayoyaona: anayetaka kugawa watu kwa kabila hazuiwi na kadi. Kura za maoni ndani ya vyama ndiko nilikosikia “huyu wa kwetu, yule wa kuja” kuliko mahali pengine popote. Majirani zetu wanao wagombea binafsi. Katiba ya Kenya ya 2010 inawaruhusu, nao wameshinda viti. Uganda ilipata wabunge zaidi ya 70 wasio na chama katika uchaguzi wa 2021.

Kuna hofu nyingine yenye uzito zaidi: kwamba matajiri watajinunulia majimbo. Basi wekeni masharti. Mgombea alete saini za wapiga kura wa eneo lake, aweke dhamana, atangaze fedha zake zilikotoka na zilivyotumika. Hakuna aliyeomba mlango usio na bawaba.

Mtikila mwenyewe hakuwa mtu wa kupendwa na wote. Maneno aliyoyasema kuhusu Watanzania wenye asili ya Asia yaliniudhi wakati ule, na yananiudhi hadi leo. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama, DP, kwa hiyo mlango wa chama yeye alikuwa nao. Alipigania mlango wetu sisi tusio na chama, kwa miaka ishirini, mara nyingi akiwa na deni na polisi nyuma yake. Mahakama ya Arusha ilikataa kumlipa fidia ya fedha. Mwaka 2014 ilisema hukumu yenyewe yatosha kwa maumivu yake. Ikaagiza muhtasari wa hukumu utafsiriwe kwa Kiswahili na uchapishwe katika Gazeti la Serikali na katika gazeti linalosomwa nchi nzima. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015. Wiki tatu baadaye tulipiga kura, na kwenye karatasi hapakuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Hapakuwa naye 2020. Hapakuwa naye 2025.

Wanaosema nchi haiko tayari wasome tena kumbukumbu za 2014. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba iliruhusu mgombea binafsi. Bunge Maalumu la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wa chama tawala, liliiacha ruhusa hiyo ndani ya Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo wakubwa wa nchi walikwisha kukubaliana kwamba jambo hili linawezekana. Tena Bunge linajua kufanya haraka linapotaka: muswada wa 1994 ulitoka mikononi mwa Serikali hadi kupitishwa kwa chini ya miezi miwili. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024 ilikuwa nafasi nyingine nzuri, lakini ilipita bila kumtaja mgombea binafsi.

Novemba 2019 Serikali iliondoa lile tamko la 2010, na mwaka mmoja baadaye uamuzi huo ukaanza kutumika. Hilo linaniuma kuliko yote. Sehemu kubwa ya mashauri yaliyokuwa mbele ya mahakama hiyo yalitoka Tanzania, mengi yakiwa ya wafungwa wanaolalamika kwamba hawakusikilizwa ipasavyo. Leo mtu wa Malawi au Ghana anaweza kupanda ndege akaja Arusha kuishtaki nchi yake. Mimi naifikia mahakama hiyo kwa daladala mbili, na siruhusiwi kufungua shauri. Wanaokaa karibu na mto ndio walionyimwa zamu.

Hata hivyo kuondoa tamko hakukufuta kilichokwisha kuamuliwa. Itifaki iliyoianzisha mahakama hiyo, ambayo nchi yetu iliiridhia kwa hiari, inaitaka kila nchi itii hukumu ya kesi iliyohusika nayo. Hukumu ya Juni 2013 inaidai Serikali hadi leo, na namwomba Mwanasheria Mkuu aichukulie kama deni, si kama maoni ya watu wa nje. Kazi yenyewe inajulikana: kurekebisha ibara ya 21, ya 39, ya 47 na ya 67 za Katiba, kisha sheria za uchaguzi pamoja na kanuni za serikali za mitaa. Theluthi mbili ya wabunge inayohitajika, chama tawala kinayo chenyewe. Na barua ya kurudisha tamko la 2010 haihitaji hata kikao cha Bunge; inahitaji saini.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Muda upo wa kusoma muswada, kuujadili, kuupitisha, na kuchapa fomu zenye nafasi ya mtu anayedhaminiwa na majirani zake.