Nguo na Heshima ya Mtu

Juma hili twataka kusema juu ya jambo tunaloliona kila siku, hata tumelizoea: namna mtu anavyopimwa kwa nguo zake. Hapa Bunia, mwenye suti na viatu vinavyong'aa akiingia ofisini, hupewa kiti kabla ya kutaja jina lake. Mwenye shati lililopauka husimama mlangoni, ingawa amefika tangu asubuhi. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo, tumezoeana tu.

Hatusemi kwamba nguo si kitu. Nguo husitiri mwili, huonyesha adabu, na hueleza kazi ya mtu: kwa nguo twamtambua muuguzi, askari na mtawa. Wanafunzi wa nchi yetu huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, ili mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini waketi benchi moja pasipo kutofautishwa. Hiyo ni nia njema. Lakini sisi waalimu twajua ya kuwa watoto hutafuta njia nyingine ya kupimana: hutazama viatu, hutazama mkoba, hutazama kiraka cha kiwiko.

Je, heshima hiyo imo katika kitambaa chenyewe? Historia ya Kongo yatujibu. Wakati wa Wabelgiji, suti, tai na viatu vilikuwa alama ya Mwafrika aliyeitwa "mwenye maendeleo". Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa njema ya raia, na mwaka 1952 ikaongeza cheti cha daraja la juu zaidi. Mwombaji alichunguzwa masomo yake, mwenendo wake, hata nyumba yake na namna yake ya kuishi. Ni wachache sana waliokipata cheti hicho. Na hata hao, pamoja na suti zao zilizopigwa pasi, hawakuhesabiwa sawa kabisa na Mzungu. Walivikwa kilemba cha ukoka.

Kisha nyakati zikageuka. Katika miaka ya 1970, Rais Mobutu, kwa siasa yake ya kurudi kwenye asili, alikataza suti na tai. Wanaume wenye cheo walivaa abakosti, koti lisilohitaji tai, ambalo jina lake latokana na maneno ya Kifaransa ya kuilaani suti. Wanawake nao walikatazwa suruali na nywele za bandia, wakatakiwa kuvaa vikwembe, yaani vitenge. Tai iliyokuwa fahari ya baba ikawa kosa la mwana. Halafu, tarehe 24 Aprili 1990, Rais yule yule, alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, aliiruhusu tai tena. Tufikiri kidogo: tai ilikuwa sifa, ikawa hatia, ikawa ruhusa tena, na shingo ilikuwa ile ile.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, katika msitu wa Ituri. Wambuti wanajua kutengeneza nguo kwa gome la mti. Wanaume hulibandua gome na kulipondaponda kwa nyundo mpaka lilainike. Wanawake huichora nguo hiyo kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Sisi watu wa mjini tumezoea kuliita vazi la watu wa nyuma. Lakini nguo hizo hizo zimetunzwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wageni husimama mbele yake kama mbele ya picha za mafundi wakubwa.

Sasa turudi kwetu. Sikukuu ikikaribia, iwe ya parokia, ya upadrisho, au ile ya wanawake ya tarehe 8 Machi, huchaguliwa kikwembe cha namna moja, na kila mama hutazamiwa akinunue na kukipeleka kwa fundi. Kweli yapendeza kuona safu ya akina mama waliovaa rangi moja wakiingia kanisani kwa wimbo. Lakini mama asiye na fedha afanyeje? Mmoja hukopa, naye wahenga walikwisha kumwonya ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwingine huuza maharagwe aliyoyaweka kwa ajili ya karo ya watoto. Wa tatu hubaki nyumbani, na kesho yake husema alikuwa mgonjwa.

Huyu wa tatu ndiye anayetuhuzunisha kuliko wote. Tangu Desemba 2017, mapigano ya Djugu yamewaleta Bunia maelfu ya watu, na wengi walifika na zile nguo walizokimbia nazo tu. Ikiwa alama yetu ya umoja yamzuia mama wa namna hiyo kuja kusali pamoja nasi, basi tumejenga uzio kwa kitambaa. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, aliwakaripia Wakristu waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, wakamwambia maskini mwenye nguo mbovu asimame kule. Tusidhani aliwaandikia watu wa kale peke yao.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vyama: kabla ya kuchagua kikwembe, ulizeni kwa siri ni nani hataweza kukinunua. Kitambaa cha kichwa cha rangi moja chaweza kutosha kwa wote. Nanyi wazazi, msikope kwa ajili ya siku moja. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akija na shati lenye kiraka, tazameni kwanza kama ni safi. Likiwa safi, jueni ya kuwa mama yake alilifua jana jioni na kulianika karibu na moto usiku, kwa maana hana lingine. Mpisheni mwenzenu huyo nafasi kwenye benchi.